Mwaka wa Kichwa Kisichoguswa

Juzi tumemzika shemeji yangu Gervas pale Nyamahanga, nami nimerudi nyumbani na hasira ambayo hata kwaya haikuweza kuipoza. Kijana wa ukoo aliyesimama kusimulia maisha ya marehemu alisema mengi ya kweli: kwamba Gervas alikuwa mkulima hodari, kwamba alitoa kiwanja cha kigango, kwamba hakuwahi kupelekana na jirani barazani. Halafu akafika pale nilipokuwa ninaogopa angefika. Akasema marehemu alimpenda mno mdogo wake Laurian, na kwamba Laurian alipopigwa na kiharusi kaka yake alimlinda, akahakikisha amebebwa mabegani mwa watu bila kutikiswa, na ndiyo maana leo yuko hai, mtazameni pale. Watu wote wakageuka kututazama. Laurian ni mume wangu. Alikuwa ameketi kando yangu kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia juu ya paja, macho kwenye jeneza la kaka yake. Akina mama wa nyuma yetu wakaguna kwa upendo. Mimi nilibana meno, maana juu ya jeneza la mtu hakuna mjadala. Lakini sijawahi kusikia kwamba mwalimu mstaafu amekatazwa kuandika, na mwaka ule nimeubeba vya kutosha.

Wenzangu wakikumbuka mwaka uliowaumba huchagua mwaka wa ujana wao, wa bweni la sekondari au wa mchumba wa kwanza. Ujana wangu mimi ulikuwa wa kawaida, niliutembea mpaka mwisho bila kujua mimi ni nani. Nilikuja kujua nikiwa bibi mwenye wajukuu, nina miaka hamsini na kitu, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Ukinikuta leo kwenye kikao namkatiza mwanamume anayeanza kusema kwa niaba yangu, usidhani nilizaliwa hivyo. Shuleni nilifundisha watoto kunyoosha mkono kabla ya kusema, na mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi wangu bora katika hilo. Wakwe zangu walinisifu kwa upole. Nikikumbuka sifa ile natamani nimrudishie kila aliyenipa.

Laurian alikuwa dalali wa mnada. Mnadani ng'ombe huletwa na Wasukuma, Wasubi, Wahangaza, na walanguzi wa kutoka mbali wenye kofia pana, na mtu anayesimama katikati kuwauzia lazima awe na sauti, lakini zaidi awe na maneno. Laurian alikuwa navyo vyote viwili. Alimsifu ng'ombe aliyekonda mpaka mwenye ng'ombe akatamani kurudi naye nyumbani. Mara moja alimfanya mzee mmoja wa Kisukuma apandishe bei juu ya bei yake mwenyewe, na mzee alipogundua akacheka mpaka akaketi chini. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Hatukuwa na haja ya redio. Alirudi jioni na vumbi la mnadani, akaomba maji, na kabla hajamaliza kunawa alishaniigiza wanunuzi wote, na mimi nikisonga ugali wa muhogo nacheka nikimwambia, Baba Neema, acha, ugali unaniungulia. Mtu huyo ndiye ninayemsema hapa. Naomba msomaji asimsahau.

Mwaka ulianza na kichwa. Kilimuuma kisogoni siku nyingi, panadoli haikugusa, na mwishowe hospitali ya hapa wakatuelekeza Mwanza kwa kipimo cha picha ya kichwa. Tulikwenda watatu: mgonjwa, mimi, na Gervas, kwa kuwa Gervas ndiye kaka mkubwa na kwa wakwe zangu mgonjwa ni wa ukoo kabla hajawa wa mke wake. Majibu yalipotoka muuguzi akaita, nikainuka, na Gervas akaniwekea kiganja hewani. Akasema chumba ni kidogo, shemeji, mambo ya madaktari yanatosha kwa masikio machache. Niliketi tena. Ilikuwa benchi ya mbao ukutani, karibu na ndoo ya maji ya kunawa, na nilikaa pale nikiutazama mlango kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Walipotoka, Gervas alikuwa na uso wa mtu aliyekabidhiwa nchi. Akaniambia ndani ya kichwa cha mume wangu kuna mshipa wa damu uliovimba mahali pamoja, kama mpira wa baiskeli unavyotoa tezi pale ulipochakaa, na kwamba ukipasuka ni kifo. Akamaliza kwa maneno mawili ambayo yalitawala nyumba yangu mwaka mzima. Akasema, "Asiguswe kabisa."

Kuanzia siku ile kichwa cha Laurian kikawa mwiko. Mjue kwamba sisi watu wa huku tuna miiko mingi, na tunajua namna ya kuishi nayo. Mtoto hufundishwa mnyama asiyeliwa kwao hata kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo Gervas hakupata taabu. Aliikuza ile kauli ya daktari kama ukoo unavyokuza mwiko, kipande kwa kipande, mpaka haikufanana tena na kitu chochote cha hospitali. Kinyozi akakatazwa kumnyoa. Nywele zikaota, ndevu zikafuata, wajukuu wakawa wanamwita babu simba wakidhani hasikii. Pikipiki akakatazwa kupanda. Kwenye kitanda akahamishiwa upande wa ukutani ili nisije nikamgonga usingizini, mimi niliyelala naye zaidi ya miaka thelathini bila kumgonga. Kinu changu kikatolewa uani, nikawa natwangia kisamvu kwa jirani. Presha yake ilitakiwa kupimwa zahanati, lakini mkanda ule hubana mkono, na damu ikibanwa, alisema Gervas, itakimbilia wapi kama si kichwani? Wakubwa wote sebuleni walitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa sebule ile ile yenye picha ya Moyo Mtakatifu na makochi yaliyofunikwa vitambaa nilivyoshona mwenyewe, na nilipita katikati yao na sinia la chai, nikisikia mwili wa mume wangu ukijadiliwa kama shamba lenye mgogoro, na hakuna aliyeniuliza lolote isipokuwa kama sukari ipo.

Na mnada, bila shaka, ukaisha. Kupaza sauti ni kukaza mishipa. Laurian alikaa chini ya kibaraza akiwa na blanketi begani, akiwatazama ng'ombe wakipitishwa barabarani kwenda kuuzwa na mtu mwingine. Jumamosi za mnada alikataa chakula.

Jioni moja ya kiangazi alinifuata jikoni, jambo ambalo wanaume wa kwao hawalifanyi. Akaketi kwenye kigoda akanitazama nikichambua maharage. Akaniambia polepole kwamba daktari wa Mwanza hakusema hivyo. Alisema uvimbe ni mdogo, kwa sasa hawatafanya upasuaji, wataupiga picha tena baada ya muda. Alimwambia aache sigara, anywe dawa za presha kila siku, na aendelee na kazi yake. Kazi yake! Niliyaacha maharage. Nikamuuliza kwa nini basi amekubali kufugwa nywele, kwa nini hakumwambia Gervas mbele ya watu kwamba anasema uongo. Akatazama moto. Akasema Gervas hasemi uongo, Gervas anaogopa. Akasema baba yao alipofariki Gervas ndiye aliyemsomesha na kumwoza. "Nitasimamaje mbele ya wazee nimwambie kaka kwamba hakuelewa?" Nilimpenda mtu yule, lakini jioni ile nilimkasirikia kwa moyo wote. Alikuwa na maneno ya kumuuza ng'ombe kipofu, na hakuwa na neno moja la kuiokoa nafsi yake. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema nipunguze sauti, watu watasikia.

Kabla mvua za vuli hazijaanza, kaka yangu Deus alitualika Kasulo, Ngara, nilikozaliwa, binti yake alikuwa anapata kipaimara. Gervas alitaka kukataa kwa ajili ya safari, mwishowe akakubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe afuatane nasi na gari liende taratibu. Tulifika salama. Kipaimara kilipita vizuri, watu wakala ndizi na nyama, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa kwenye madumu, Laurian akacheka na Wahangaza wenzangu mpaka Gervas akamkazia macho. Kesho yake asubuhi tulikuwa mezani kwa Deus, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama bonde, tunakunywa chai na maharage yaliyobaki. Laurian alikuwa anamsimulia wifi yangu jambo fulani la mnadani. Katikati ya sentensi kikombe kikamtoka. Akakitazama chini kwa mshangao, mdomo ukaenda upande, akajaribu kuendelea na hadithi yake, na kilichotoka hakikuwa hadithi wala lugha yoyote ninayoijua. Halafu mkono wa kulia ukaanguka mezani kwenye chai.

Deus alikuwa na pikapu ya kubebea ndizi, ilikuwa pale uani. Wala hakusubiri kuambiwa. Aliiwasha, wifi akatupia godoro nyuma, mimi nikapanda nikaketi tayari nimpokee mume wangu kichwa mapajani. Kutoka kwa Deus mpaka lami ni mteremko wa mawe na makorongo, kweli gari huruka, lakini ni mwendo mfupi. Gervas akaenda akasimama mbele ya boneti, mikono ameitandaza. Alikuwa analia. Sitaki kumnyima hilo, machozi yalikuwa ya kweli. Alisema mshipa umeanza kupasuka, tukimrusha kwenye mawe yale tutafika na maiti, na kama tunataka kumuua mdogo wake tuanze kwa kumkanyaga yeye. Akasema kwa Wahangaza kuna ingobyi, nayo haitikisi mtu. Deus akanitazama. Yeye ni kaka yangu, yupo nyumbani kwake, gari ni lake, lakini mgonjwa ni wa wakwe, na huwezi kumchukua mgonjwa wa wenyewe kwa nguvu ukabaki na uso kesho. Akazima gari. Mpaka leo naisikia injini ile ikizimika.

Ingobyi ni machela ya kusukwa kwa matete na miti, yenye mikono mirefu, ya kubebea wagonjwa mabegani. Niliyekulia Kasulo naijua na ninaiheshimu. Ya kilima kile ilitunzwa kwenye kanisa la kigango, na ikipigwa kengele kila nyumba hutoa mwanamume, hata kama kati yao kuna ugomvi. Haiondoki mpaka watu wa kupokezana wametimia. Ikiwa njiani, kila mwanamume inayekutana naye huweka mzigo wake pembeni ya njia na kuingiza bega, na wanawake hufuata nyuma bila kuongea sana. Ni kitu kizuri kuliko vyote tulivyorithi. Asubuhi ile kilitumika kumuua mtu kidogo kidogo, na wote waliokibeba walidhani wanamwokoa, na hilo ndilo linalonichoma. Kengele ikapigwa. Tukasubiri watu waliokuwa mashambani. Wakatimia, wakamlaza, wakaanza kushuka, na Gervas anatembea kando ameshika ukingo, akiwaambia wasikimbie. Wazee wa mbele wakaitikia, "Pore, pore," kwa lafudhi yetu, na mguu mmoja ukawekwa kwa uangalifu mbele ya mwingine. Kila tuliyekutana naye alivua kofia, akauliza ni nani, akapewa habari, akaniambia mwihangane, pole yetu ile, akaingiza bega. Wangetupita tu, Mungu angewabariki zaidi. Laurian alikuwa ananitazama kutoka ndani ya ingobyi, jicho moja linatoka machozi, na mimi nafuata nyuma na wanawake. Tulipofika lami jua lilikuwa limepanda sana, na pikapu ya Deus, iliyoteremka tupu, ilikuwa inatungoja.

Hospitalini Ngara tulipokelewa na daktari kijana mwenye koti lililompwaya. Aliuliza swali moja ambalo nimejifunza kwamba ndilo swali lenyewe: imeanza lini. Nilipomwambia, akafumba macho kidogo. Alisema kiharusi ni cha namna mbili, mshipa kupasuka au mshipa kuzibwa na damu iliyoganda, na kwamba kwa macho tu hawezi kuvitofautisha, ila ikiwa ni bonge limeziba, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo kuna hospitali kubwa ambako hupitisha mrija mwembamba kutoka kinenani mpaka kichwani, wakalivuta bonge likatoka. Alisema hiyo ni karibu kuliko kokote upande wetu. Alisema ubongo unakufa wakati sisi tunazungumza. Akapiga simu mwenyewe, akaita gari la wagonjwa mwenyewe. Pale mpakani, ambapo malori hupanga foleni mpaka madereva wanapika kando ya barabara, tulipitishwa bila mtu kushuka. Gervas alikaa mbele akimwomba dereva apunguze mwendo. Dereva, namshukuru mpaka kesho, hakumjibu.

Kule tulikutana na daktari bingwa, mwanamke wa rika la binti yangu Neema, aliyezungumza Kiswahili kizuri kwa sababu alikulia Karagwe kabla ya wazazi wake kurudi kwao. Walimwingiza Laurian kwenye mashine, na muda mfupi baadaye daktari akatoka akauliza nani mwenye mgonjwa. Gervas akasimama. Akajitambulisha kama kaka mkubwa, na kabla hajaulizwa akasema huyu mtu ana mshipa mbovu kichwani na Mwanza walisema asiguswe, kwa hiyo kama kuna dripu wampe, ila mambo ya waya kichwani ukoo haukubali. Alisema kwa adabu sana. Daktari akasema uvimbe ameuona. Akataka kuendelea, Gervas akarudia: ukoo haukubali. Na mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi. Nasema kweli tupu: nilikuwa nimeketi, mikono mapajani, nikisubiri wamalize. Halafu nikaona daktari amegeukia upande wangu, si kwa heshima maalumu, ila kwa haraka ya mtu ambaye mgonjwa wake anamwishia, akitafuta uso mwingine wowote. Nikasimama.

Nikamwambia Gervas, "Shemeji, pale Mwanza ulinikalisha nje. Hapa kaa wewe."

Akasema nisilete hasira mbele ya wageni. Nikamwambia hasira bado sijaileta, akae. Sijui alichokiona usoni pangu, lakini alikaa.

Yule mama kijana akanipeleka kwenye kioo cha mashine. Nikamwomba anionyeshe uvimbe uko wapi na bonge liko wapi. Akaweka kidole. Uvimbe ulikuwa kulia, kitu kidogo kama chipukizi kwenye tawi. Bonge lilikuwa kushoto, mahali ambapo mshipa mnene ulikatika ghafla, na mbele yake hakukuwa na kitu, giza tu. Kimoja kulia, kingine kushoto. Kwa karibu mwaka mzima tuliishi chini ya ule uvimbe, tuliacha kunyoa na kutwanga, tukalala kwa amri yake, na hakuna hata mmoja wetu, pamoja na mimi, aliyewahi kuuliza uko upande gani.

"Mama, sikufichi," daktari akasema. "Ukipasuka nikiwa kazini tunaweza kumpoteza. Zamani wengi wetu tuliogopa kabisa kumfanyia hivi mtu mwenye uvimbe. Siku hizi tumeshawavuta mabonge watu wenye uvimbe mdogo kama huu, na mara nyingi hubaki ulivyokuwa. Wa mzee hauko hata kwenye njia nitakayopita. Lakini nisipopita, upande huu wa kushoto unakufa wote, na huko ndiko maneno yanakokaa."

Nikasema apite. Nikatia sahihi yangu, mke wake.

Tulikaa kwenye ukumbi wenye vigae vyeupe na harufu ya dawa ya sakafu. Gervas alikuwa anasali rozari kwa sauti ndogo, na kila alipofika kwenye Salamu Maria nilijikuta siitikii, mimi Mkatoliki wa kuzaliwa. Nilikuwa namchukia. Wakati huo huo niliona viatu vyake vimejaa vumbi jekundu la Kasulo mpaka juu ya kamba, kwa kutembea kando ya ingobyi, na nikachukia hata kuviona, maana mtu mwenye viatu vile huwezi kumwita adui. Angekuwa adui mambo yangekuwa rahisi. Alikuwa mtu anayependa bila kuuliza, na watu wa namna hiyo hawana breki.

Daktari alitoka na kibakuli kidogo. Ndani yake kulikuwa na vipande vya damu nyeusi, kila kimoja hakizidi mbegu ya papai. Akasema vimetokea moyoni, vikapanda. Akasema mshipa umefunguka, damu inapita, na ule uvimbe haukujua hata kama wamepita mtaani kwake. Nikaangua kilio cha furaha. Aliniacha nikalia, halafu akaniuliza, kwa upole ambao nilitambua mara moja kuwa ni wa habari mbaya, ilikuwaje tukachelewa hivyo wakati nyumbani kulikuwa na gari. Nikamweleza. Alisikiliza ingobyi yote, kwao wanaifahamu. Akasema Laurian ataishi, atatembea, mkono pengine utarudi kiasi. "Lakini kuna sehemu imeshakufa kabla sijaifikia. Mngefika asubuhi, mama, ningekurudishia mtu yule yule." Gervas alikuwa nyuma yangu. Nilijua amesikia. Nikamsikia akivuta pumzi, akaendelea na rozari.

Laurian akarudi Nyamahanga. Mvua zilipochanganya alikuwa anatembea na fimbo mpaka kwenye migomba na kurudi. Maneno hayakurudi. Lilirudi moja tu, neno "sawa", na sijui kwa nini likawa hilo kati ya yote aliyokuwa nayo. Ukimuuliza kama anataka uji, sawa. Kama amelala vizuri, sawa. Kama jina lake ni Mariamu, sawa. Akitaka kusema hataki, anasema sawa na huku anasukuma kikombe. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sauti ilibaki yote: alilipandisha na kulishusha neno lile, akalichekesha, akalifokea, akaniamkia nalo asubuhi, na macho yake yakinitazama kuona kama nimeelewa. Ndani ya kichwa mtu alikuwemo mzima. Mwalimu wa mazoezi ya kuongea alikuwa mbali mno, kwa hiyo nikawa mimi. Nilimketisha na picha za watoto wa darasa la kwanza, kikombe, kuku, jembe, na mtu aliyewahi kuchekesha mnada mzima akatoa jasho akitafuta kuku.

Wageni walikuja kutupa pole na mikungu ya ndizi na mayai, na Gervas alikuwa anawapokea yeye, kwenye kochi kubwa. Hapo ndipo hadithi ilipozaliwa. Mara ya kwanza alisema tu kwamba tulimbeba salama. Baadaye akasema kwamba mshipa ulikuwa tayari kupasuka na kilichouzuia ni ule mwendo wa taratibu. Baadaye tena, kwamba madaktari wa ng'ambo walimsifu. Sikumwona akijua kwamba anadanganya. Alijisimulia mpaka akapona, na Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Mimi nilipita na sinia la chai. Ndiyo, bado. Unaweza kusimama siku moja katika nchi ya watu na ukirudi kwako ukakuta sinia linakungoja palepale.

Ikafika Krismasi. Nilipika wali na mbuzi, sebule ikajaa ndugu na wazee wa kigango, wengine wakakaa kibarazani, watoto kwenye mkeka. Laurian nilimweka mezani pamoja na wakubwa, nimemkatia nyama vipande vidogo. Mzee mmoja mgeni akataka kusikia ilivyokuwa, na Gervas akaisimulia tangu mwanzo, boneti na kengele na mteremko, na watu wakaacha kutafuna. Alipomaliza akamgeukia mdogo wake, akamwekea mkono begani kwa mapenzi, akasema, "Msinisikilize mimi, muulizeni mwenyewe. Laurian, si nilikulinda?"

Laurian akamtazama. Nilimwona akitafuta. Niliijua ile mishipa ya shingo, ilikuwa hivyo hivyo alipotafuta kuku. Midomo ikafunguka, ikafunga, ikafunguka.

"Sawa," akasema.

Watu wakapiga makofi. Macho ya mume wangu yakajaa maji, na mzee mgeni akasema tazameni, analia kwa shukrani.

Nikaliweka bakuli la mchuzi mezani. Nikapita nyuma ya kochi, nikasimama mahali anaponiona vizuri, nikamwambia, "Baba Neema, kaka yako ndiye aliyekuchelewesha barabarani mpaka ukapoteza maneno yako?"

"Sawa," akasema, kwa sauti ile ile.

Hakuna aliyepiga makofi. Nje watoto walikuwa wanagombania mfupa. Nikamuuliza tena, maana haki ni haki, "Na mimi ninayekuuliza hivi mbele za watu, nakutendea vibaya?"

"Sawa."

Wakaelewa, mmoja baada ya mwingine, nikawaona wakielewa. Yule mzee mgeni akaangalia sahani yake. Gervas aliondoa mkono begani pa mdogo wake, akakoroga mchuzi muda mrefu bila kuula, halafu akasema nyama ya mwaka huu imezidi chumvi. Hakuna aliyemjibu isipokuwa mume wangu, kwa neno lake lile moja.